Walinisemea Kwamba Nimesamehe

Zuhura mwanangu,

Hali yako siulizi, maana naisikia. Uko chumba cha pili, unafungua begi na kulifunga, na kila baada ya muda unajikohoza ili nikuite. Sikuiti. Nikikuita tutagombana, na mtu hasindikizwi kwa ugomvi. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako asubuhi, uisome ukifika Chalinze, mahali ambapo huwezi tena kunijibu.

Mambo ya kula, kulala na kujisitiri sikuandikii. Hayo nimekufundisha tangu una meno ya utoto, na kama hukuyashika, karatasi haitasaidia.

Naanza na hasira, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Leo mchana baada ya dua yako ya safari, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka wanangoja chakula, Baba Mkubwa Mbwana alisimama na kanzu yake ya Ijumaa. Alisema, "Tumshukuru Mungu. Binti yetu anakwenda kujifunza ufundi wa ndege, na waliompa nafasi ni kampuni ileile iliyopata msiba pamoja na sisi. Hii inaonyesha kwamba mambo yalishakwisha, na sisi ni watu wa kusamehe." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la pilau mkononi. Nikakutazama, nawe ukatazama chini. Ndivyo nilivyojua.

Kunidanganya hukunidanganya, ulininyamazia. Uliniambia ni kampuni ya ndege ndogo, iko Dar, na kila nilipouliza ni kampuni gani, ghafla kuku walikuwa wameingia jikoni nawe ukakimbia kuwafukuza. Nilidhani umeanza kupenda usafi. Kumbe mtoto niliyemzaa anakwenda kufanya kazi kwa watu waliomuua baba yake, na kijiji kizima kimeambiwa kabla yangu.

"Iliyopata msiba pamoja na sisi." Hebu yasikie maneno hayo vizuri. Wao walimzika nani? Walikaa matanga wapi? Nani kati yao aliyelala chini, nani aliyeamka usiku akapapasa kitanda akakuta upande mmoja wa baridi? Walipoteza ndege, na ndege walinunua nyingine.

Sikukatazi kwenda. Ningetaka kukukataza, begi hilo lingekuwa limeshapotea tangu saa nane. Lakini hutaondoka na maneno ya Baba Mkubwa yawe ndiyo wosia wa nyumba hii. Ulikuwa mdogo, na habari ile uliipata vipandevipande kutoka kwa watu waliotaka kulala usingizi wao. Leo ipate kwangu, yote, kuanzia mwanzo.

Msimu ule mtama ulikuwa umekubali kuliko miaka mingi, na kwelea kwelea wakaja. Unakumbuka tulivyopiga madebe shambani mpaka sauti zikatukauka, nao wakiinuka hapa wanatua pale. Basi ikaletwa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa, ikakaa kwenye uwanja wa vumbi ndani ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Ikakaa tu. Kila tukiuliza tunaambiwa fundi anasubiriwa, na huku masuke yanabaki makapi. Baba yako alikuwa katibu wa kamati ya wakulima. Unamjua alivyokuwa, mtu wa kusema tungoje kidogo, labda wana sababu zao. Ni mimi niliyemwambia, "Athumani, wewe unangoja, kwelea hawangoji. Nenda ukawaambie waruke, au mwaka huu tutakula makapi." Nilimwambia kwa ukali, mbele ya wenzake. Kesho yake akaenda.

Rubani alikuwa Festo, kijana wa Hale, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Festo alikuwa ameshamwambia msimamizi wake kwamba usukani una kasoro, akiuvuta unakwamakwama. Msimamizi akamjibu, "Wakulima wako hapo nje wanasubiri. Ruka, ukirudi tutaangalia." Wakulima waliokuwa hapo nje ni baba yako na wenzake. Baba yako akasema kama shida ni kujua kwelea wanalala wapi, atapanda yeye awaonyeshe. Alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wenzake wanasema alikuwa anacheka.

Waliliona bonde lenye kwelea. Wakashuka chini ili baba yako aonyeshe mipaka yake vizuri, na Festo alipovuta usukani kuinua pua, usukani ukamjia kifuani mwepesi, hauna kitu mwisho wake. Ndege haikuinuka. Ilianguka katika mahindi ya watu hapahapa Kwaluguru. Festo alivunjika miguu yote miwili. Baba yako alifariki palepale, na aliyekuja kuniambia alinikuta nikitwanga.

Kwenye mazishi wakubwa wa kampuni walikuja na ubani wao na miwani yao ya jua. Unaijua desturi yetu ya makaburini: ndugu anasimama, anasema kama marehemu alidaiwa aje aonwe yeye, na kama alimkosea mtu, basi asamehewe. Ni desturi nzuri, mimi siichezei. Lakini ni ya kumwombea msamaha aliyelala kaburini. Baba Mkubwa aliigeuza. Alisimama udongo bado mbichi, akawageukia wageni, akasema, "Familia imesamehe. Ilikuwa siku yake." Akawagawia msamaha watu ambao hawakuwa wameuomba, kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa amelijua bado. Mimi nilikuwa ndani nawekwa eda, na sisi wanawake makaburini hatuendi. Walinisemea kwamba nimesamehe nikiwa sijui hata kama ndege ina waya.

Usije ukadhani mama yako anakufuru. Naamini kila mtu na siku yake. Lakini Mungu hakumkataza fundi kufungua kifuniko akatazama chini ya sakafu ya ndege. Hakumkataza msimamizi kusema leo haturuki. Kwetu mtu akiharibu kazi yake anamsukumia Mungu, nasi tunaitikia amina kwa sauti kubwa, kisha tunagawana pilau. Nimechoshwa na jambo hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa inakuja sehemu inayonichoma zaidi, kwa sababu lawama yake siwezi kuwatwisha watu wa Dar. Hiyo ni yetu.

Unatujua. Lori likipinduka barabarani kwetu, dereva hajatolewa, matairi yameshatoka. Ndege ile nayo tuliifanya hivyohivyo. Kabla jua halijazama viti vilikuwa kwenye nyumba za watu, mlango wake ulikuwa umezibia zizi, na kuna banda la kuku liliezekwa kwa kipande cha bawa. Wachunguzi walipofika, mwenyekiti aliitisha mkutano akaomba kila aliyechukua kitu akirudishe. Watu wakaogopa kufungwa kwa wizi. Basi tukafanya lile tunaloliweza kuliko kulima, tukafichiana. Kila mmoja alijua jirani yake ana nini, na hakuna aliyemtaja mwenzake, kwa sababu huyu ni shemeji, yule ni mjomba, na yule mtoto wake ameoa kwetu. Vikarudishwa vile visivyofaa kitu. Wachunguzi wakatazama walichopewa, wakasema rubani alishuka chini mno.

Baba Mkubwa yeye alikuwa ameokota waya. Waya mrefu, wa chuma kilichosokotwa, mzuri kweli. Kamba yetu ya kuanikia ilikuwa imekatika, na nyumba ya msiba haiishi nguo za kufua, kwa hiyo akaufunga uani kwetu, kutoka nguzo ya bafu hadi kwenye mwarobaini. Nikamshukuru. Nilimwita nikiwa nyuma ya pazia na eda yangu, nikamwambia, "Shemeji, ahsante kwa kutukumbuka." Alifanya kwa upendo, nalijua hilo, na ndilo linalonitia wazimu.

Eda yote ile nilimlaani Festo. Niliambiwa ni yeye, alitaka kujionyesha kwa kuruka chini, nami nikaamini kwa sababu nilihitaji mtu wa kumchukia aliye karibu. Nilimlaani mbele yako, nawe ukajifunza kumchukia kabla hujajifunza kusuka nywele zako. Kwa hilo sikuombi radhi katika karatasi, nilishakuomba kwa mdomo. Nakukumbusha tu jinsi ilivyo rahisi kumpata mwenye makosa ukipewa jina lake na watu wanaotaka ulichukue.

Eda ilipokwisha Festo akaja. Alikuwa ameingoja iishe, kama mtu aliyelelewa, ingawa dini yetu si yake. Alitembelea magongo, na mama yake alikuwa amebeba sukari kwenye mfuko. Baba Mkubwa akataka kuwarudisha njiani. Mama yake Festo akamwambia, "Baba, sikuja kwako. Nimekuja kwa mfiwa." Nikawakaribisha uani, kwa shingo upande.

Festo hakukaa. Nilimwekea kigoda, akakiacha, akawa anatazama nguo zilizoanikwa. Nikasema moyoni, kijana huyu hana hata haya, amekuja kutoa pole anatazama nguo za wanawake. Akajivuta na magongo yake mpaka pale, akasogeza sketi yako ya shule kando, akaishika ncha ya waya kwenye nguzo.

"Mama Zuhura," akasema, "huu mmeupata wapi?"

"Muulize shemeji yangu."

"Waya ni waya," Baba Mkubwa akasema. "Niliuokota."

"Huu ndio niliouvuta." Festo alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Nikivuta usukani, huu unakwenda mpaka mkiani, unainua kibao cha nyuma, ndege inapandisha pua. Njooni mtazame ulipokatikia."

Tukatazama. Wewe ulikuwepo, ulipenya katikati yetu na kidole ukakitia, ukachomwa. Nyuzi nyingi za waya ule zilikuwa zimelika na kushika kutu hadi ndani, zimelika upande mmoja, mahali ulipokuwa unasugua kwenye kigurudumu kinachouongoza chini ya sakafu ya ndege. Chache tu ndizo zilizokuwa zimevutwa mpaka zikakatika. Hizo chache ndizo zilizokuwa zimembeba baba yako anacheka. Mama yake Festo akaanza kulia, na mwanawe akamwambia, "Nyamaza mama, niliwaambia si mimi." Baba Mkubwa akaingia ndani akajifanya anatafuta maji ya kunywa.

Tuliufungua, tukauviringa kwenye kanga, tukaenda nao Dar, mimi, Festo na mama yake. Tulizungushwa, kisha tukampata ofisa mmoja wa uchunguzi wa ajali, mtu mpole. Aliushika waya, akautazama muda mrefu, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa. Akasema, "Mama, waya huu umekaa uani kwako, umeanikiwa nguo mbichi, umenyeshewa mvua. Nitawaambiaje watu kwamba haukulika hukohuko kwako?" Akaongeza, kwa upole uleule, "Na familia ilishasamehe, mama. Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu." Nikauviringa waya tena kwenye kanga. Nguo zilizoanikwa pale zilikuwa zangu.

Hukumu ya Festo haikubadilika. Aliyeambiwa amemuua baba yako hakuruhusiwa kurusha ndege tena, akarudi Hale akafungua gereji ya pikipiki, na anachechemea mpaka leo. Kampuni inaruka. Mimi ndiye niliyekupeleka kwake likizo ya kwanza ukae kwa mama yake, kwa sababu nilitaka umwone mtu niliyekufundisha kumchukia. Ukarudi na grisi mpaka kwenye nyusi, huna neno jingine mdomoni ila gia na breki. Kwa hiyo hata ufundi wako, ukitafuta mwenye lawama, ni mimi.

Festo ndiye aliyenieleza kwamba ndege ya baba yako haikuwa na ajabu yoyote. Ndege ndogo nyingi zinaangushwa na vitu vya kushikika kiganjani. Bisibisi imesahauliwa chini ya sakafu, inateleza, inabana usukani. Nati imekazwa, lakini pini yake haikutiwa, inajifungua yenyewe kidogokidogo huko angani. Kuna mahali fundi aliunganisha waya wa kushoto kulia, rubani akapinda huku ndege ikaenda kule. Nilimuuliza, "Mafundi hao walikuwa walevi?" Akasema, "Hapana mama. Walikuwa na haraka." Nilikasirika siku hiyo mpaka nikashindwa kula. Nilikuwa nataka aniambie walikuwa watu wabaya.

Nirudi kwenye leo. Ulinifuata jikoni baada ya dua, ukasimama karibu na mafiga, ukasema, "Mama, nikienda kampuni nyingine, kwao nani atafungua kifuniko?" Nikakujibu kwa kubamiza sufuria. Sufuria haikuwa na kosa, na wewe hukuwa umekosea. Nilikasirika kwa sababu ni swali zuri na limetoka kwako badala ya kutoka kwao.

Basi nenda. Lakini usiende kama ushahidi wa Baba Mkubwa. Wakikuuliza wewe ni mtoto wa nani, taja jina la baba yako lote, na useme alifia kwenye ndege yao. Usiseme ili waone haya, maana wengi utakaowakuta hawakuwepo, na wengine wana umri wako. Sema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu anayefanya kazi chini ya jina la kujificha huanza kujificha na mengine. Wakikuambia familia ilishasamehe, waambie mama yangu yu hai, ana mdomo, na bado hajaulizwa. Siku wakija kuniuliza, nitawapikia, nitawasikiliza, halafu ndipo nitajua moyo wangu unasemaje. Mimi mwenyewe sijui. Sijawahi kupata nafasi ya kujua.

Na hili lisome taratibu. Watakaokuharakisha kule hawatakuwa na pembe kichwani. Msimamizi utamzoea, utajua hasira zake na utajua anapodanganya. Wa kuogopa ni wale walio nje. Atakuwepo mzee wa watu, mtama wake unaliwa. Atakuwepo mwanamke ana mgonjwa kijijini, daktari yuko ndani ya ndege hiyohiyo, na wewe unasema subirini. Watakutazama kama muuaji. Watakuwa na haki ya kuharakisha, kama niliyokuwa nayo mimi siku niliyomkaripia baba yako. Utawahurumia, na huruma hiyo itakuambia waya huu utafika, ni mara moja tu, wakirudi tutaangalia. Hapo usituhurumie. Hata ningekuwa ni mimi niliyesimama hapo nje na kanga kiunoni, nakutukana kwa jina lako, nikatalie.

Baba Mkubwa alikuambia mbele ya watu, "Ukifika huko usiwe na maneno mengi, heshimu wakubwa." Heshimu wakubwa, ndiyo. Waamkie, wabebee mizigo, usiwapandishie sauti. Lakini uwe na maneno. Ukiona kitu kimelika, sema, na asiyekusikia mwambie tena, na akikuambia unyamaze, muulize jina lake kamili. Nyumba hii ilinyamaza kwa heshima na ikaanika nguo juu ya heshima hiyo.

Kuna siku watakuambia ndege iruke nawe utasema hairuki. Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza kuwa baadaye, lakini itafika, na hutakuwa umejiandaa. Labda watafungua kifuniko wakute uko sawa, labda watakuta umekosea, wakucheke. Labda hawatafungua, watakufukuza kazi tu na kumleta mwingine mwenye kusikia haraka.

Wakikufukuza kwa neno hilo, rudi nyumbani. Unajua kwetu aliyeshindwa mjini hushuka kwenye basi giza likiingia, akapita nyuma ya nyumba za watu na mzigo wake ili asiulizwe. Wewe usifanye hivyo. Panda gari la asubuhi, ushuke saa watu wapo barazani, na Baba Mkubwa yupo katikati yao na kahawa yake. Pita mbele yao na begi kichwani, waamkie mmoja mmoja. Wakikuuliza kulikoni, waambie umefukuzwa kazi. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, na nitakupigia vigelegele mpaka jirani wa mwisho atoke nje aulize ni harusi ya nani.

Mama yako,
Mwantumu